Kidonge cha Pili na Waltzi ya Yanelis

Santiago de los Caballeros
Jumatano asubuhi

Kwa Daktari Yudelka Rosario,
Zahanati ya mtaani kwetu.

Mheshimiwa Daktari,

Jumapili iliyopita, saa kumi alasiri, nilipoteza waltzi. Ni ile dansi ya mjukuu wangu Yanelis, anayetimiza miaka kumi na mitano Jumamosi hii, siku ambayo msichana hucheza na baba yake mbele ya ukumbi mzima. Baba yake yuko ng'ambo na hana karatasi za kumwezesha kuja na kurudi, kwa hiyo baba ni mimi. Nilikuwa mimi. Mazoezini, mzunguko wa pili, moyo ulinienda mbio kama lori lililokatika breki, nikakaa chini katikati ya sakafu. Nafasi yangu imechukuliwa na shemeji yangu Crucito, ambaye hucheza kama mtu anayepandisha friji ghorofani.

Nakuandikia wewe kwa sababu dawa ni zako. Malalamiko yangu ni haya:

1. Mimi nauza na kufunga pampu za maji. Nilianza na spana ya kuazima, na leo nusu ya matangi yaliyo juu ya mapaa ya mtaa huu nimeyapandisha mimi. Uliponipima presha ukakuta mia na themanini kwa mia na kumi, ulinieleza kwa upole mkubwa kwamba moyo ni pampu na mishipa ni mabomba. Nashukuru. Siku ukija dukani nitakueleza kwamba sindano huchoma.

2. Uliniandikia vidonge viwili. Cha waridi kinapanua mishipa. Cheupe kinauzuia moyo usikimbie. Nikauliza, kwa adabu, kama moyo wangu umekwisha kukimbia. Ukasema bado. Nikauliza sasa unazuiwa usiende wapi. Ukacheka, ukasema, "Don Eligio, hivi vinakwenda pamoja. Usije ukanitenganishia." Uliendelea kueleza kwa muda mrefu, lakini wakati huo nilikuwa nimekwisha kuelewa.

3. Hesabu yenyewe ni ya mtoto. Bomba likipanuka, presha inashuka. Kazi imekwisha. Kumleta wa pili ni kuajiri mtu wa kumshika mkono fundi aliyekwisha kufunga mfuko wake wa vifaa. Kwa hiyo vile vyeupe nikavitia kwenye droo ya nati bila kumeza hata kimoja, nikaendelea na vya waridi. Sikukuficha, hukuuliza. Mke wangu Dominga aliuliza, nikamwambia nimepunguza wafanyakazi.

4. Presha ilishuka kweli, kama nilivyokokotoa, na hapo sitaki pongezi. Lakini uso uliwaka, kichwa kiligonga, na moyo, ambao kwa miaka sitini na mitatu haukuwahi kunidai chochote, ukaanza kukimbia hata nikiwa kitini. Mapigo mia na ishirini na nane kwa dakika, na sikuwa nikifanya zaidi ya kushika kete ya sita-sita. Wenzangu kwenye domino sasa hawatazami meza. Wananitazama shingo. "Eligio ana kete nzuri leo," wanasema, "ona mshipa ule unavyoruka." Nimefungwa kila mchezo tangu hapo.

Sasa nani alaumiwe? Kidonge cheupe kilikuwa kwenye droo. Kina ushahidi kamili kwamba hakikuwepo. Anabaki wa waridi, na sahihi iliyo chini yake ni yako.

5. Crucito anashonewa suti nyeupe.

6. Yanelis hakulalamika. Aliniletea maji pale chini, akanishika kifundo cha mkono muda mrefu kuliko unaotosha kumpa mtu maji. Akasema, "Babu, ni dakika tatu tu. Tunaweza hata kwenda polepole." Nazitaka dakika hizo, Daktari. Nyingine zangu zilizobaki tutajadiliana.

Kutokana na hayo naomba uandike barua kwa familia kuthibitisha kwamba nilikaa chini kwa hiari yangu. Zahanati itume mtu ukumbini aisome kwenye kipaza sauti kabla ya keki. Na kuanzia mwakani, daktari yeyote asiruhusiwe kuandika dawa ya presha kabla ya kutumika miezi sita katika duka la pampu. Langu lina nafasi.

Msalimie mama yako, ambaye tangi lake halivuji, nesi Miladys mwenye mkono mwepesi, na mlinzi wa mlangoni.

Wako kwa heshima na kinyongo vilivyolingana,
Eligio Tavárez

Nyongeza: Bahasha ilikuwa imekwisha kufungwa mteja wangu Doña Zunilda alipoingia dukani na pampu iliyoungua. Mwezi uliopita alipanua mabomba ya nyumba yake yote. Nilimwambia afunge na kidhibiti cha kuizuia pampu isikimbie, akaniita mwizi anayeuza vitu viwili pale kimoja kinapotosha. Leo nikamweleza tena, kwa sauti, mbele ya wateja: "Doña, ukipanua mabomba presha ikashuka, pampu inadhani nyumba ina kiu. Itakimbia mpaka ife. Ndiyo maana siuzi kimoja bila kingine. Vinakwenda pamoja."

Dominga, aliyekuwa kwenye kaunta, akaweka kalamu chini. "Rudia hapo, mzee," akasema. "Taratibu. Kuna mtu hajasikia vizuri."

Nimevitoa vile vyeupe kwenye droo, viko mbele yangu, na sijavigusa, kwa sababu mara hii naona niulize kwanza. Habari za kipaza sauti ziache. Niambie tu naanzaje upya, na Jumamosi nicheze au nisicheze. Ndiyo au hapana, kwa maandishi, kabla ya Ijumaa saa sita mchana. Saa saba Crucito anakwenda kuchukua suti.