Nyangumi wa Nyuma ya Bafu

Redio ya kinyozi Wembe ndiyo iliyoanza uchokozi. Ilitangaza kwamba mchimba kisima mmoja, mbali kabisa na bahari, amekutana na mifupa ya nyangumi wa kale iliyokwisha kugeuka jiwe, na wataalamu wanampa mnyama huyo jina la mchimbaji. Pale kwenye benchi la kinyozi, macho yote yakamgeukia fundi redio. Huyu alikuwa na maradhi ya kuokota mawe na kuyaita mifupa, hata watu wakambandika jina la Nyangumi na lake halisi wakalisahau.

Siku hiyo Nyangumi alikuja amejiandaa. Asubuhi mkewe alikuwa amemwambia, bila kupandisha sauti, kwamba mawe yote yatoke chini ya kitanda, maana mama yake, mkwe wa fundi, amekuja kuwatembelea na hawezi kulala juu ya makaburi. Fundi wa watu alihitaji mfupa mmoja tu wa kweli, na mashahidi wa kwenda kumtetea nyumbani. Akafungua leso, akatoa kipande cheusi chenye vitundu vitundu.

"Uti wa mgongo wa nyangumi," alisema. "Nimeukuta leo nyuma ya bafu langu."

"Kumbe alikuja kuoga," Wembe alisema.

Hakimu, karani mstaafu wa mahakama ambaye hajawahi kuhukumu hata ugomvi wa kuku, akadai ushahidi. Nyangumi akamweleza kwa upole wa mwalimu: mfupa wa kale ukiulamba hunata kwenye ulimi, jiwe la kawaida halinati. Akalamba. Akaanza kukivuta kile kipande taratibu, na ulimi ukakifuata.

"Lete," alisema Hakimu. "Nalamba kwa niaba ya upande wa mashtaka."

Akafumba macho, akalitafakari suala.

"Unanata. Tena una chumvi."

"Ya bahari hiyo," alisema Nyangumi, na furaha ikamjaa kifuani.

Wembe akamwacha mteja na povu kidevuni, naye akalamba, mara mbili, akaapa anasikia samaki kwa mbali. Mteja akaona asipitwe. Haukupita muda, watu wale wale waliomwita fundi kichaa tangu jana wakawa wanasema walijua zamani kwamba ana kipaji. Wembe akataka jina lake liunganishwe na la mnyama kwa kuwa benchi ni lake. Hakimu akasema sheria haiwezi kumwacha nje mtu aliyethibitisha kwa ulimi wake mwenyewe.

Katikati ya ugomvi huo akatokea mke wa fundi. Akawasalimu wote vizuri, kisha akamgeukia mumewe.

"Baba watoto, hukuliona jiwe la mama? Lile la kusugulia visigino. Aliliacha nyuma ya bafu likauke."

Mkewe akaliona mkononi mwa mumewe, akalichukua, akaligeuza.

"Mbona limelowa?"

Wembe alikimbilia ndoo. Hakimu alitema mpaka kofia ikamwanguka. Mteja alikuwa anakomba povu la kidevuni na kujisugulia meno. Nyangumi peke yake alibaki wima, kinywa kimemjaa mate. Vitu vya mama mkwe havitemwi mbele ya mwanawe. Akameza.

"Nilikuwa namsafishia mama," alisema.

"Ahsante," alisema mkewe. "Ukirudi, usafishe na chini ya kitanda."