Kapia Haitikii Salamu

Jumatatu, tarehe 3 Juni 2024

Kapia amepona. Homa imekwisha, masikio hayatoi usaha tena, jana alimaliza kichwa kizima cha samaki. Asubuhi nilimwinamia kwa nyuma, nikamgusa mgongo, nikamwambia "Moyo webe", salamu yetu ya kila siku. Akageuka akaniuma kidole gumba. Paka niliyemlisha uji kwa kijiko siku kumi na mbili!

Daftari ni jipya, kwa hiyo nieleze. Kapia ni moto kwa Tshiluba, lugha ya kwetu. Nilimpa jina hilo kwa rangi yake. Namsemesha Tshiluba. Tangu Mbelu, mke wangu, afariki, hakuna mwingine katika ua huu wa kuongea naye lugha hiyo. Mwanangu Patou hunijibu kwa Kiswahili, tena siku nyingi yuko Kalima machimboni. Mkewe, Sandrine, ni mtu wa Kibombo. Mjukuu wangu Naomie ana miezi tisa na bado hajachagua lugha.

Sandrine aliona damu. Akasema kwa adabu, jambo ambalo ni baya zaidi, kwamba mtoto ameanza kutambaa. Paka akimuuma mtu mwingine kabla ya Jumapili kwisha, atakwenda kwa jirani yetu Twaibu, akakamate panya kwenye depo lake la mchele kule Mikelenge. Nimekubali. Sikuwa na hoja.

Jumanne, tarehe 4

Nimefikiri. Mgonjwa aliyeinuka kitandani husumbuliwa na kelele. Nimetangaza utaratibu: ndani ya nyumba hakuna viatu, hakuna kuitana, milango ifungwe taratibu. Mimi mwenyewe nimevaa soksi mbili mbili. Sandrine alikuwa akitwanga sombe, majani ya muhogo, mlangoni. Nikamwomba atwange kwa upole.

Saa nne nilinyata mpaka kwenye mkeka wa Kapia. Ukimya mzuri ajabu. Aliniuma kifundo cha mguu. Saa tisa nilinyata vizuri zaidi. Kiwiko.

Nimevaa koti langu la reli, la mikono mirefu, kuficha ushahidi. Joto la kuua. Nilimwambia Sandrine nasikia baridi kidogo. Akanichemshia mchaichai, akasimama pale pale mpaka nikamaliza.

Jumatano, tarehe 5

Twaibu amekuja. Tulifanya kazi pamoja stesheni, yeye kwenye mizigo, mimi dirishani kwa tiketi. Siku hizi anatembelea fimbo ya chuma, anaigonga sakafuni kila hatua mpaka vikombe vinatikisika kabatini. Utaratibu wangu hakuuheshimu hata kidogo. Na Kapia? Aligeuka, akamtazama, akaenda kujisugua miguuni pake. Miguuni pake!

Aliuliza kama paka amekwisha kufunga mizigo.

"Panya wangu wanamungoja, ndugu. Wanauliza atafika na treni gani."

Nikamwambia kwamba panya wake wananenepa kwa sababu mwenye depo hulala kuanzia saa sita mchana. Alicheka. Hiyo ndiyo kasoro ya Twaibu: hakasiriki.

Anamhonga paka wangu. Hakuna maelezo mengine. Nilipomkaribia Twaibu nikanusa: mafuta ya udi. Nimeandika pembeni.

Alhamisi, tarehe 6

Sikumgusa leo. Nilikaa upande wa pili wa chumba, tukatazamana kama watu wanaodaiana maneno.

Nilitumwa hapa Kindu kwa miezi sita, Mei 1998. Agosti vita vikaanza, reli ikakatika. Mwaka ambao mji ulizingirwa, mimi na Mbelu tulikwenda stesheni kila asubuhi kufungua dirisha la tiketi, kwa kuwa hatukuwa na mahali pengine pa kwenda. Paka mmoja alizaa ndani ya droo ya tiketi za daraja la kwanza. Mbelu aliwasemesha watoto wale Tshiluba. Alisema angalau hawa hawatatuuliza tumetoka wapi. Kapia ni wa ukoo wa droo ile.

Kwa hiyo leo, akiwa amenipa mgongo, nilimtajia vituo vyote vya njia yetu, kimoja kimoja, mpaka Mwene-Ditu nilikozaliwa. Zamani angekuja kukaa mapajani kabla sijafika nusu ya safari. Leo hakutikisa hata sikio.

Nimeelewa. Homa imemfutia Tshiluba. Ndiyo maana anauma: anafikiri mimi ni mgeni.

Ijumaa, tarehe 7

Kumrudishia lugha kunahitaji muda, na Jumapili inakuja. Basi kwanza nimhonge kwa harufu. Twaibu alipokuwa msikitini, nilimwomba mkewe tone moja la udi. Ni mkarimu, alinipaka mpaka shingoni. Nikarudi nikinukia kama bwana harusi, nikavua viatu, nikamnyatia Kapia kinyumenyume, ili harufu itangulie na uso ufuate.

Sitaandika aliponiuma. Nimekula nimesimama. Sandrine aliuliza sababu. Nilijibu kwamba nimesoma mahali kuwa ni vizuri kwa tumbo.

Jumapili, tarehe 9

Baada ya misa Kapia alilala kwenye mkeka. Naomie akatambaa kumwendea kwa nyuma, kimya kabisa, bila viatu, kwa kufuata utaratibu wangu. Nilikuwa mbali, na magoti yangu hayana haraka. Sandrine aliona akiwa mlangoni na mchi wake. Mchi ukamtoka mikononi, ukaanguka sakafuni kwa kishindo. Kapia akaamka, akageuka, akamwona mtoto. Akamnusa kichwa. Akalala tena. Naomie akamshika mkia kwa mikono miwili. Hakuna kilichotokea.

Sandrine alimwinua mtoto. Kisha akasimama nyuma ya paka, akapiga makofi. Kimya. Akamwita jina. Kimya. Akapiga mguu chini: Kapia akageuka.

"Papa, huyu hana ubaya. Hasikii. Ile homa njo ilikula masikio yake. Mukimugusa kwa nyuma, anashituka."

Akaniomba nivue koti. Nikavua. Aliangalia mikono yangu yote miwili, akaleta maji ya chumvi, akaniosha polepole kama anavyomwosha Naomie.

"Anabaki. Ila kila muntu avae viatu, na akanyage kwa nguvu."

Nilitoka nje kidogo. Vumbi, macho.

Jumatatu, tarehe 10

Nyumba inalia viatu kama stesheni siku ya treni. Twaibu ameambiwa, amesema ataazima paka kwingine.

Nimefikiri. Sandrine ni mwanamke mwenye akili, lakini jaribio lake lina kasoro kubwa: alimwita kwa Kiswahili. Kapia hajawahi kuitikia Kiswahili, hata siku zake za afya njema. Hapo hakuna kilichothibitishwa.

Masomo yameanza leo. Nimevua viatu ili mwanafunzi asitishike. Nimemwendea kwa nyuma, maana uso kwa uso mtu huona haya kukosea. Nimemnong'oneza somo la kwanza: Moyo webe.

Naandika haya kwa mkono wa kushoto.