Sambusa, Kapteni na Santuri ya Krismasi

Leo nimeadhirika, wenzangu. Si kidogo. Mbele ya Wazungu sebule nzima, na chatini ya ukwaju mpaka kwenye suruali ya mtu. Msicheke bado, hata sijaanza.

Mnajua napika kwa yule memsab wa Kizungu, ndani ya ukuta wa mji wa Maskati, mkewe mhandisi. (Ndiyo, mie. Kwetu Unguja tulikuwa na mpishi na msaidizi wake, na kazi yangu ilikuwa kulalamika kuwa mchuzi umezidi chumvi. Mungu ana hesabu zake.) Tangu tukimbie mapinduzi tufike huku, kazi ile ndiyo inayotulisha mie na mama. Kwa hivyo asubuhi nilijiambia: leo wana karamu yao ya Krismasi, Salma, usiharibu kitu.

Karamu ilikuwa ya alasiri, maana mlango wa mji ukishafungwa usiku hakuna wa kutoka. Nikakaanga sambusa, nikatengeneza katlesi, nikasaga chatini. Memsab akaonja, akasema kwa Kiingereza, "Salma, wewe ni johari." (Alikuwa hajaona kitu.)

Wageni wakaja. Memsab akafungua gramafoni yake, akaipangusa santuri kama anayempangusa mtoto uso, akaiweka. Nyimbo za Krismasi za kwao, za kanisani, watoto wa kiume na wanaume wanaimba pamoja. Hakuna ngoma, hakuna udi, hakuna fidla. Sauti tupu.

Nyimbo hizo mie nnazijua. Nassor, mdogo wangu, alikuwa akiziimba alipokuwa skuli ya Wazungu Unguja. Mwalimu wa muziki alilipenda koo lake. Baba alinuna. Mama akamwambia, "Si wanamsifu Bi Maryamu na mwanawe? Mwache mtoto aimbe." Basi Nassor akawa anafanyia mazoezi ngazini kwetu, kwa sababu pale sauti inapanda vizuri, na jirani zetu wote wakazijua nyimbo za baridi na theluji kwenye joto la Disemba, huku wanajipepea. (Aliniuliza theluji ni nini. Nikamwambia ni aina ya samli.)

Jumapili ile ya mapinduzi Nassor alitoka kwenda kumtazama ami yetu Ng'ambo. Hakurudi. Hatukupata wa kutuambia amekufa, wala wa kutuambia yu hai. Mnajua wenyewe, kila nyumba yetu hapa ina mtu wake asiyejulikana alipo.

Basi. Nazunguka na trei. Zile sauti nyingi zikanyamaza, ikabaki moja. Ya mtoto. Nyembamba, safi, inapanda peke yake kama haijui kuwa kuna kuanguka. Halafu nyingine zikaingia chini yake, taratibu, kama watu wanaotandaza shuka wamdake.

Nikasimama. Kapteni mmoja mwenye masharubu mekundu alikuwa amenyosha mkono achukue sambusa. Nikaivuta trei. Akanyosha tena. Nikamwambia, "Shhh!" Mie! Mpishi! Namnyamazisha mgeni ambaye hata hajasema kitu!

Ile sauti ikapanda tena, ikafika pale Nassor alipokuwa akivuta pumzi kidogo kabla ya kumalizia. Ile pumzi, wallahi, ilikuwa yake.

"Nassor," nikasema, kwa sauti ya chini. Halafu ikawa si ya chini. "Nassor! We Nassor!"

Nikamwita kama anavyoitwa mtu aliye chumba cha pili, chakula kimeshapakuliwa. Trei ikaenda zake. Sambusa zikaruka, bakuli la chatini likatua kwenye suruali nyeupe ya kapteni, na mie nimeshapiga magoti mbele ya gramafoni, sikio nimelibandika kwenye kile kitambaa inapotokea sauti. (Nassor alipopotea alikuwa na ndevu, jamani! Mwanamume mzima! Sauti ishakuwa nzito zamani, akikohoa utadhani pipa linaviringishwa. Lakini akili hiyo ningeitoa wapi saa ile?)

Memsab akaondoa sindano. Ikakwaruza.

"Salma, unaumwa?"

"Huyu ni ndugu yangu."

"Nani?"

"Anayeimba."

Wakatazamana. Memsab akachukua jalada la santuri akanisomea pole pole: imerikodiwa Uingereza, kanisani, kabla ya vita vikuu. "Mtoto huyu sasa ni mtu mzima, Salma. Labda ana upara."

"Muongo mkubwa wewe!" nikamjibu. Kwa Kiswahili, alhamdulillahi. Hakuna anayekijua pale.

"Dada," akasema kapteni, kwa Kiswahili cha Mombasa kilichonyooka, chatini inamtiririka, "memsab hasemi uongo."

Ardhi, pasuka nidumbukie! Siku zote akija pale namsema mbele ya uso wake. (Masharubu yale nimeyafananisha na vitu ambavyo sivitaji hapa, mama yuko ndani.)

Akachutama karibu yangu. "Ndugu yako yuko wapi?"

"Unguja."

"Unguja mahali gani?"

Swali dogo. Mtu yeyote angejibu: Malindi, Vuga, Kikwajuni. Nikafungua mdomo. Nikabaki vivyo hivyo, mdomo wazi, na kapteni akaacha kuuliza. Akaanza kuokota sambusa. Mwengine naye akainama. Mwisho Wazungu wote wako chini kwa magoti, na suti zao, wanaokota sambusa zuliani, na hakuna hata mmoja anayenitazama. Wallahi, bora wangecheka.

Memsab akanifungia katlesi kwenye karatasi, akaniambia niende nyumbani mapema, kesho asubuhi nije "tuzungumze". (Mnaijua "tuzungumze" ya anayekulipa mshahara. Haijapata kuzaa nyongeza.)

Njiani nikapanga uongo: macho mekundu ni ya vitunguu. Mama akanitazama mara moja tu.

"Vitunguu gani hivyo?"

Nikamwambia yote. Nilidhani atalia, au atanigombeza kwa ajili ya kazi. Akaukunja ukaya wake wa kichwani, akaukunjua.

"Ilipanda sana?" akauliza.

"Nini?"

"Hiyo sauti."

"Ilipanda, mama. Lakini si yeye. Ni mtoto wa Kizungu, tena wa zamani sana."

"Najua si yeye. Nimemzaa mimi, utanijulisha wewe?" Akanyanyuka, akalitoa buibui lake la kutokea, akalikung'uta, akalitundika msumarini tayari kwa asubuhi. "Nataka kuisikia tu."

Basi ndiyo hivyo. Kesho nakwenda kufukuzwa kazi, na mama yangu nimemshika mkono. Nitamwambiaje yule mwanamke? Memsab, nifukuze, haki yako, ila kwanza mtilie mama ile santuri?

Wa kucheka acheke leo amalize. Kesho tutakuwa wawili.