Mke wa Juu ya Mti

Asubuhi hiyo Msumari, fundi wa kuezeka, aliingia kwenye duka la donati la Mama Sokha anahema, hata donati hajaagiza.

"Mmesikia? Polisi walifika kwa Dalton jana! Jirani kaona mtu kajikunja kwenye kibanda cha kuwindia kulungu, juu ya mti. Kumulika, mwanamke! Na shuka lake la maua!"

"Si Corinne huyo?" nikauliza. "Anayeishi na Dalton?"

"Siku za kawaida anaishi naye. Wikendi ambayo mtoto wa Dalton anakuja kwa baba yake, anapanda mtini."

Jaji akaweka kikombe chini. Tunamwita Jaji kwa sababu aliwahi kuwa mzee wa baraza mahakamani siku tatu, kesi ya mbuzi, na tangu hapo hatupumui.

"Amri ya korti ya talaka yake iko wazi. Mtoto akiwepo, mpenzi asiye wa ndoa asilale chini ya paa moja naye. Sasa kule ni paa jingine. Mimi ndiye niliyemshauri."

"Loo! Yaani mbuzi mmoja amekupa kichwa mpaka unapandisha watoto wa watu mtini!" akafoka Mama Sokha.

Mara Dalton akaingia, uso umemshuka. "Mtalaka wangu, mama Tessie, akisikia habari ya polisi, ananirudisha kortini. Wikendi zangu ndiyo basi. Mwanangu nitamwona kwenye picha."

Nilimhurumia kwa kweli, maana kwa binti yake Tessie yule bwana hajiwezi.

"Oa," akasema Jaji.

"Nioe lini? Mtoto kaenda kwa bibi yake, leo jioni anarudi kulala kwangu!"

"Wewe mzaliwa wa Texas au umeletwa na mafuriko? Hapa mkikubaliana kuwa mmeoana, mkaishi pamoja, mkawatangazia watu, imekwisha hiyo. Tangaza. Watu ndio sisi."

"Msumari simhesabu," akasema Mama Sokha, "lakini tangaza tu."

Dalton akavua kofia. "Jamani, Corinne ni mke wangu!"

"Kakuambia nani?"

Corinne alikuwa mlangoni, majani kwenye nywele.

"Wikendi saba nalala na nyigu, Dalton. Hukuniuliza hata siku moja. Leo unaninadi kama donati za jana?"

Dalton akapiga goti, tukasikia goti lenyewe likilia. "Hata bila korti ningekuoa. Niliogopa utakataa."

"Ningekuwa wa kukataa, ningepanda ile ngazi?" Machozi yakamlengalenga. "Haya, mume wangu. Sasa mpigie mama Tessie, kabla hajaambiwa na watu."

Dalton akapiga, akaweka simu mezani, sauti juu, sote tumeinama.

"Mama Tessie... nimeoa."

"Umemwoa yupi? Yule wa mtini?"

Msumari akapaliwa na kahawa.

"Unamjua?"

"Tessie kanisimulia tangu mwezi wa tisa. Na ya polisi nimeyasikia pia. Korti siendi, Dalton, ila leo mkeo alale ndani kama binadamu. Kila Jumatano kanisani tunamwombea huyo dada ashuke salama. Na mimi binafsi namshukuru Mungu niliwahi kutoka kwako."