Siku Tano za Lyon, Zilizopangwa West Bay

Jumapili, 5 Oktoba

Goti limefika mwisho. Daktari wa kampuni kalibonyeza, kalikunja, kaandika: asibebe mizigo tena. Miaka kumi na moja nabeba masanduku ya watu katika hoteli hii ya West Bay, hapa Doha, na karatasi moja imemaliza kila kitu.

Meneja wetu, Madam Cheryl, kaniita ofisini. Alikuwa mpole, jambo lililonitia hofu. Kasema kazi ya kukaa ni moja tu: dawati la wageni, lile linalowapangia watu safari na kuwatafutia mahali pa kula. Tunaoitaka ni wawili, mimi na Wanjohi, Mkenya wa mlangoni. Atatazama utendaji wetu mpaka tarehe ishirini na tatu. Wanjohi akikosa, atabaki mlangoni. Mimi nikikosa, ni tiketi ya kurudi Tanga.

Tanga nina nyumba ya vyumba vitatu. Tangu mke wangu Mariamu afariki, hamna ndani yake mtu wa kuniuliza nimekula nini. Kile kiti lazima nikipate. Tena kina magurudumu!

Jumatatu, 6 Oktoba

Bahati! Bwana Bradley na mkewe, Bi Hannah, wapangaji wetu wa ghorofa ya kumi na nne, wanakwenda Lyon, Ufaransa. Siku tano. Wanatimiza miaka thelathini ya ndoa. Wamemwomba Wanjohi awachagulie migahawa na mahali pa kutembea. Nilisikia yote nikiwa nyuma ya ule mti wa plastiki.

Nikamwambia Wanjohi kwamba Madam Cheryl anamtafuta kwenye bwawa la juu ya paa. Akaenda. Mimi nikapanda lifti na taulo mbili ambazo hakuna aliyeziomba, nikamwambia Bi Hannah kwamba Lyon naijua kama kiganja changu. Si uongo mtupu. Hata kiganja changu sijawahi kukichunguza. Kaniuliza nilikaa huko muda gani. Nikasema si muda mrefu. Kazi nimepewa mimi!

Wanjohi karudi anatiririka jasho. Kauliza mbele ya watu wote, mzee, Ufaransa ulienda lini na kwa ngamia gani, wakati hata Al Wukair, hapo nje ya mji tu, ulishuka kituo siyo. Kile kituo hakikuwa na kibao.

Jumatano, 8 Oktoba

Siku yangu ya mapumziko. Nimeshinda chumbani kwetu, mtaa wa Al Mansoura, na simu. Tony, Mganda wa ulinzi ninayeishi naye, aliwahi kulinda shule ya Wafaransa hapa Doha, kwa hiyo nimemfanya mshauri. Maarifa yake ni mawili: Wafaransa husalimiana sana, na huegesha gari vibaya. Nimeyaandika yote.

Lyon ina mito miwili, na kilima chenye kanisa kubwa juu. Kilima kimenitia wasiwasi. Bi Hannah alifanyiwa upasuaji wa nyonga mwaka jana, na bado anatembea kama mtu anayebeba sinia la vikombe.

Mwaka 2009 nilimpeleka Mariamu Lushoto, matembezi yetu ya pekee. Kila kona alisimama. Nikamwuliza, umechoka? Akasema hajachoka hata kidogo, anaangalia majani tu. Kona kumi na moja, majani yaleyale. Nami nikajifanya nayapenda.

Basi Bi Hannah nimemwandikia benchi kila baada ya dakika kumi za kutembea. Nimeyatafuta moja moja kwenye picha za barabarani. Kilimani wapande kwa treni, na washuke kwa treni. Mabenchi arobaini na matatu! Macho yanawasha.

Jumamosi, 11 Oktoba

Mpango umekamilika. Nauweka hapa kwa ajili ya historia.

Alhamisi wanafika. Ijumaa asubuhi wapumzike chumbani, kwani hakutakuwa na duka wala mgahawa wazi mpaka watu watoke swala. Jumamosi waende Annecy, mji wa ziwa, mwendo wa saa mbili kwa treni, wakwepe vurugu za wikendi. Jumapili ndiyo siku yenyewe. Watu wamerudi kazini, mji umetulia! Migahawa mitatu bora kabisa nimeiweka siku hiyo, mmoja wa mchana, mmoja wa jioni, na mmoja wa akiba. Jumatatu makumbusho, kisha samaki kando ya mto. Nafasi sikuweka popote. Siku ya kazi, nani atajaza mgahawa?

Nilimwonyesha Wanjohi makusudi, nimkate maini. Kausoma ukurasa wa Jumapili mara mbili. Katabasamu. Kasema mzee, hii iko fiti, usiguse kitu. Hata alinitolea nakala ya rangi. Nilimdhania vibaya mtoto wa watu.

Alhamisi, 16 Oktoba

Wameondoka. Bi Hannah alinishika mkono, akasema hii ni safari yao ya kwanza tangu upasuaji, na kwamba anaogopa kumchelewesha mumewe kila mahali. Nikamwambia asiogope, asome ukurasa wa mabenchi. Wanjohi aliwapungia mikono yote miwili. Furaha aliyokuwa nayo si ya kawaida kwake.

Jumapili, 19 Oktoba

Saa saba na nusu mchana, ujumbe kutoka kwa Bwana Bradley. Mgahawa umefungwa. Nikajibu kwamba huenda mwenyewe kapata dharura, waende ule wa akiba. Umefungwa. Jioni wakajaribu wa tatu. Umefungwa, na mlangoni kuna karatasi.

Nikamwambia Tony kwamba bila shaka mji ule una msiba mkubwa. Tony akauliza huko leo ni siku gani. Nikasema Jumapili, kama hapa. Akaacha kuchana nywele. Akauliza, ati huko kwenu Tanga, benki hufunguliwa Jumapili?

Yarabi! Miaka kumi na moja wikendi yangu ni ya Doha, Ijumaa na Jumamosi, na Jumapili nafunga tai na kuwahi basi la kampuni. Nimesahau kabisa kwamba kuna watu duniani Jumapili wanalala.

Jumatatu, 20 Oktoba

Nimeamka na moyo mpya. Leo ni Jumatatu, siku ya kazi popote ulipo. Niliwatumia ujumbe mapema: leo mambo safi.

Bwana Bradley alijibu kwa picha. Makumbusho, komeo. Picha ya pili, mgahawa wa samaki, viti vimepinduliwa juu ya meza. Kumbe kule wengi waliofanya kazi Jumamosi hupumzika mpaka Jumatatu!

Wanjohi alijua tangu mwanzo. Leo kawahadithia watu wote kwenye chumba cha kubadilishia nguo. Kasema Ijumaa, siku ambayo mji mzima ulikuwa wazi, mzee wa Tanga kawafungia wageni chumbani wangoje swala. Watu wa jikoni walicheka mpaka mmoja akakaa sakafuni. Nami nilicheka kidogo, nisionekane peke yangu.

Ujumbe wa mwisho wa Bwana Bradley: wamekula mkate na jibini kwenye benchi. Hakutaja lipi.

Jumatano, 22 Oktoba

Wamerudi. Bwana Bradley alipita mbele yangu kama ninavyopita mimi mbele ya nguzo. Bi Hannah alinisalimu, lakini yeye husalimu hata lifti. Wote wawili wakaenda kwa Madam Cheryl, kila mmoja kwa wakati wake.

Nimeanza kupanga begi. Mpaka sasa nimeweka viatu na kanga ya Mariamu, na tayari linaonekana limejaa. Tony kasema nisipange, nikipanga nitajitia mkosi. Kisha akauliza kama birika la umeme nitaliacha.

Alhamisi, 23 Oktoba

Madam Cheryl katuita sote wawili. Mezani barua mbili kutoka mlango mmoja. Ya Bwana Bradley ina kurasa mbili, na ni orodha ya milango iliyofungwa, pamoja na saa. Kusema kweli, imepangwa vizuri kuliko mpango wangu.

Ya Bi Hannah ina mistari sita. Kaandika kwamba ana rafu nzima ya vitabu vya safari, na hakuna hata kimoja kilichowahi kufikiri kwamba mtu huhitaji kukaa. Kaandika kwamba aliuona mji kwa miguu yake mwenyewe bila kumwomba mtu radhi, na kwamba kufikia siku ya tatu mumewe ndiye aliyekuwa akiuliza benchi linalofuata liko wapi.

Nilitazama dirishani kwa muda. Hakukuwa na kitu dirishani.

Madam Cheryl akamwuliza Wanjohi kama aliliona kosa la Jumapili mapema. Wanjohi akajibu kwamba, madam, si kazi yake kusahihisha wazee. Jibu baya! Kiti nimepewa mimi, majaribio ya miezi mitatu. Sharti ni moja. Hakuna mpango utakaomfikia mgeni kabla Wanjohi hajausoma na kuutia saini. Wanjohi kasema atausoma kwa raha zake zote.

Jumapili, 26 Oktoba

Kiti kinazunguka vizuri mno. Nimezunguka mara mbili, ya pili bila kukusudia.

Saa nne asubuhi wakaja mtu na mkewe. Wanakwenda Bordeaux, Ufaransa hukohuko, siku nne, wanaondoka alasiri hii hii. Nikawaambia naijua. Jambo la Lyon nimelifikiria sana siku hizi tatu, na nimeona kwamba kosa lilikuwa la Lyon yenyewe. Ni wavivu. Bordeaux ni mji wa bandari, na kwa ninavyowaona kwenye picha, watu wake ni wachapakazi. Chakula chao kikubwa nimekiweka Jumatatu, saa mbili usiku.

Mpango ulitakiwa usomwe na Wanjohi kwanza. Wanjohi alikuwa amekwenda kunywa chai, na wageni wana ndege ya kuwahi. Nikamsainia mwenyewe. Jina lake si gumu.