Malalamiko Kuhusu Milimita Kumi na Nne

Kwa Fundi wa Fremu,
Chumba cha nyuma ya duka la rangi.

Ndugu Fundi,

YAH: KUPIMWA BILA HURUMA

Ni matumaini yangu barua hii itakukuta mzima, umesimama mbele ya jiliwa lako la kubania chuma, tupa ya kusugulia mkononi, na ile redio yako isiyoshika stesheni hata moja ikikwaruza kama kawaida. Mimi si mzima. Mimi ni mteja wako namba kumi na tisa, niliyeagiza baiskeli ya chuma ya safari ndefu, rangi ya kijani, na ninakuandikia kulalamika rasmi. Nakala ningempelekea mkuu wako wa kazi, lakini nimeambiwa huna mkuu wa kazi, jambo ambalo nalo nitalilalamikia nikipata nafasi.

Kabla sijaanza, nikukumbushe nilichoagiza na kwa nini. Nilitaka baiskeli kwa ajili ya safari moja tu: siku nne za barabara hadi kwa kaka yangu, mkubwa wangu kwa miaka sita, ambaye hajakanyaga nyumbani kwangu tangu nilipohamia mji huu. Kwenye simu huniambia "Haya, wasalimie," akakata. Kwenye harusi na misiba hukaa kona ya mbali na mimi. Tukitembea pamoja yeye hutangulia, wala hageuki. Nikasema kabla mmoja wetu hajaondoka duniani nimfuate mwenyewe, niingie uani kwake nikitoka jasho, aone aibu kunifukuza. Hayo tu. Sikuagiza kingine.

Sasa sikiliza.

1. Ulinisimamisha ukutani bila viatu, ukanibana kitabu chako cha oda katikati ya mapaja, ukanipima sehemu kumi na tatu za mwili. Nikavumilia, maana uliniambia baiskeli ya kutengenezwa kwa mkono hukatwa kwa mwenyewe kama suti. Ulipofika mguu wa kushoto ukapima mara mbili, ukakuna kichwa, ukasema ni mfupi kwa milimita kumi na nne. Ukasema hivyo hivyo, kama mtu anayetaja saa. Fundi! Mimi nimekuwa mkaguzi wa mizani na vipimo miaka thelathini na moja. Nusu ya mizani za mji huu zina muhuri wangu. Mtu kama mimi haambiwi kwamba amepungua, tena akiwa na soksi tu miguuni.

Futi yako ya utepe niliikagua ulipogeuka kuwasha moto. Haina muhuri. Nikarudi siku ya pili na rula yangu ya chuma, iliyothibitishwa, nikiwa na hamu kubwa ya kukuaibisha. Ikasoma kumi na nne. Sitaki kulizungumzia hilo zaidi.

2. Nyumba yangu haikaliki. Nilimweleza mke wangu msiba huu kwa sauti ya chini ili asishtuke. Hakushtuka. Akaendelea kukunja mashuka, akasema alijua tangu siku za uchumba, na kwamba miaka yote hunitambua getini kwa hatua zangu, moja nzito moja nyepesi, kabla hata mbwa hajanyanyua sikio. Nikaenda kwa fundi cherehani wangu kutafuta mtu wa kunitetea. Akafungua daftari lake akanionyesha: "Mkaguzi: kushoto, punguza." Limeandikwa hivyo miaka ishirini na mbili! Fundi viatu naye kumbe huniongezea soli kimya kimya. Na wale vijana wa ofisini waliokuwa wakitembea nyuma yangu kwa mwendo wangu, nikidhani ni heshima, hata mmoja wao nikampendekeza apandishwe cheo... naomba nisiendelee.

3. Habari zimefika sokoni. Muuza nyama, ambaye niliwahi kumfungia mizani kwa sababu ilikuwa imelala upande, amekuja hadi mlangoni kwangu, kavaa aproni safi, kuniuliza kwa adabu zote kama siku ile iliyolala upande ni mizani au ni mimi. Tangu hapo nakaa nafikiri: ikiwa nilisimama upande miaka thelathini na moja, basi nilisoma upande; na ikiwa nilisoma upande, basi kila kilo ya sukari, kila mita ya kitambaa na kila lita ya mafuta ya taa iliyopita mbele yangu ina shaka, na mji mzima umekula, umevaa na umewasha taa kwa kukisia. Nani wa kulaumiwa? Wewe. Kabla yako mji ulikuwa sawasawa.

4. Hili ndilo kubwa, na hapa naomba uweke tupa chini. Wakati nafunga viatu uliniuliza, bila hata kunitazama, mguu huu ulivunjika lini. Nikakujibu haujawahi kuvunjika. Ukasema "Mh." Hiyo "Mh" yako, Fundi, nimelala nayo na kuamka nayo wiki nzima. Mwisho nikaipeleka kwa dada yetu mkubwa, mwanamke ambaye hajanyamaza tangu alipoachishwa ziwa. Akanyamaza. Halafu akalia, halafu akaniambia.

Nilikuwa na miaka minne, kaka alikuwa na kumi. Alichukua baiskeli ya baba bila ruhusa, akanipakia kwenye keria ili anifurahishe, na kwenye mteremko mguu wangu ukaingia kwenye spoku. Alinibeba mgongoni hadi nyumbani, mwendo wa karibu saa mbili, akilia kunishinda mimi niliyevunjika. Mama akatoa amri kwamba jambo hilo lisitajwe tena ndani ya nyumba ile, asije mmoja wetu akakua nalo. Mimi nikasahau, nilikuwa mdogo. Yeye hakusahau. Hajapanda baiskeli tena hadi leo. Kazini alikwenda kwa miguu miaka arobaini, nasi tukamwita Bwana Buti na kumcheka. Na kule kutangulia mbele, ambako mimi nilidhani ni majivuno, dada anasema hawezi kuangalia ninavyotembea.

Unaona ulichofanya? Nilikuwa na kaka mwenye maringo, nimeshamzoea, najua namna ya kumkasirikia. Umeninyang'anya. Sasa nina kaka ambaye ameumia kwa ajili yangu miaka hamsini na saba, na sijui nimwanzie wapi. Inaniuma, Fundi, nakuambia wazi.

5. Kwa hiyo safari imekufa. Fikiria mwenyewe: nitaingiaje uani kwake juu ya baiskeli? Nitakuwa nimempelekea kidonda chake mlangoni, kimepakwa rangi ya kijani. Mwezi uliopita nilipomgusia kwamba nimeagiza baiskeli nije kumwona, alisema "Usije na baiskeli," akakata simu, nami nikabaki natukana hewani. Leo nimemwelewa, na kumwelewa kwenyewe hakunisaidii chochote.

Kutokana na hayo ninadai mambo yafuatayo, bila kuacha hata moja. Kwenye kitabu chako ufute ile kumi na nne, uandike sifuri. Kile kibati ulichosema utaniongezea kwenye pedeli ya kushoto, ukitupe. Uwaandikie barua ya kuomba radhi wenye mizani wote wa soko, ukianza na muuza nyama. Na mabomba ya fremu yangu, hata kama umeshayaunganisha, uyageuze benchi. Benchi halina ndugu, haliendi popote, na likiwa na mguu mfupi mtu hukunja karatasi akaingiza chini, mambo yakaisha, bila kuulizwa ulivunjika lini.

Nisalimie mkeo na brashi zake za rangi, nisalimie paka anayelala kwenye boksi la mabaki ya chuma, nisalimie mwenye duka la mbele, na mteja namba kumi na nane ambaye fremu yake inaning'inia darini tangu mwaka jana na bado anakuja kuitazama kila Jumamosi kama mgonjwa. Dada anakusalimu pia, ingawa anasema ungejifunza kufunga mdomo.

Wako, niliyepungua kwa mkono wako,

Mkaguzi wa Mizani na Vipimo (Mstaafu)
Mteja Namba 19

Tanbihi: Bahasha nilikuwa nimeshailamba. Mke wangu akaniwekea simu mkononi, akasimama mlangoni asinipishe. Nikampigia kaka. Sikujua niseme nini, nikasema kile ninachokijua: "Kaka, ni milimita kumi na nne. Nimepima mwenyewe, kwa rula yenye muhuri." Safari hii hakukata kama kawaida yake. Kisha akauliza, "Kumi na nne tu?" Miaka yote hiyo, Fundi, machoni pake mguu wangu ulikuwa umepungua shubiri nzima. Tukacheka, tukalia, tukacheka tena. Mwisho akauliza, kwa sauti ya mtoto wa miaka kumi, kama hiyo baiskeli ina keria.

Kwa hiyo benchi acha. Kumi na nne iache kama ilivyo, na kibati ukiweke. Ila kwenye ukurasa wangu ongeza haya: keria ndefu ya chuma, ya kubeba kilo sabini na mbili (mwenyewe anasema sitini na tisa, lakini mizani yake sijaikagua), mahali pa kuwekea miguu, kushoto na kulia, na spoku za nyuma uzizibe kabisa kwa bati, pande zote mbili. Nyuma atakaa yeye.