Saa Yangu na Moyo wa Binti Yangu

Jumatatu, 3 Juni

Binti yangu kapanda ngazi na kapu la nguo, kaketi katikati ya njia. Anasema moyo unamwenda mbio. Hata arobaini hajafika! Mkwe wangu, fundi bomba, anashikilia aende hospitali. Nikamwambia moyo ni ugonjwa wa wanaume wazee, tena wanene. Mwanamke wa umri wa kuzaa moyo wake chuma. Akanijibu kwa adabu zake za kinafiki, eti baba, hata chuma hupata kutu. Mtu wa vyoo huyo!

Mke wangu akanivuta pembeni. Kazunguka weee, mwisho kasema mambo ya kike ya binti yetu yamekatika miezi sasa, na mimba hana. Nikaziba masikio. Baba haambiwi hayo.

Jumanne, 4 Juni

Nimempima mwenyewe. Mimi fundi saa, nani atanifundisha mapigo? Mkono wake mkononi, macho kwenye saa yangu ya ukutani. Mapigo safi kabisa! Mkwe akatoa simu, akasema saa yangu inakimbia kama mwizi, dakika yake haitimii, ndiyo maana mapigo yametoka machache. Nikamwambia simu yake ndiyo inayochelewa. Binti akacheka. Kisha akashika kifua, na hakuna aliyecheka tena. Miadi ya hospitali ni Alhamisi asubuhi.

Jumatano, 5 Juni

Akili ni mali! Walipotoka, nikarudisha nyuma saa zote za nyumba. Watachelewa, nafasi itapotea, mkwe ataumbuka.

Alhamisi, 6 Juni

Nimeamka, nyumba tupu. Wote wameamshwa na simu. Aliyefuata saa zangu ni mimi peke yangu. Chai ya baridi. Nimefika hospitali wenzangu wanatoka, binti na pamba mkononi, kashatolewa damu. Mke wangu kasema nisimsemeshe.

Jumamosi, 8 Juni

Majibu. Daktari, msichana wa juzi tu, kanieleza polepole kama mtoto wa chekechea. Eti kuna homoni inayosaidia kulinda mishipa ya moyo wa mwanamke. Kwa binti yangu imeshuka kabla ya wakati wake, na presha imeanza kupanda. Imewahiwa. Angeachwa hivyo miaka, moyo ungeumia. Dawa kapewa, na atarudi kupimwa. Daktari akauliza nani alikuwa anamzuia kuja. Wote wakanitazama mimi. Mimi nikatazama saa ya hospitali. Inachelewa.

Njiani binti akaniegemea. Akasema, baba, uliponiambia mzima nilitamani iwe kweli, maana naogopa. Nikakohoa. Vumbi.

Jumatatu, 17 Juni

Binti kapanda ngazi leo bila kuketi. Nani alikuwa wa kwanza kumshika mkono? Basi nimeandika ubao, nimeutundika mlangoni: SAA, REDIO NA MIOYO YA KINA MAMA. Mkwe kausoma, kaenda zake anatikisika mabega. Wivu!

Mteja kaja papo hapo. Dada muuza mkaa, kajishika kifua. Nikamkalisha, nikahesabu, nikamtangazia kuwa ni mzima, hospitali asijisumbue. Mke wangu akatoka jikoni, akamshika mkono, wakaenda wote wawili hospitali.

Ndoa ya miaka yote hii, leo mke wangu ananinyang'anya wateja.